Simu ya Maombi Sasa Iko Kwangu

S.L.P. 31,
Karungu.
2 Machi 2025

Mpendwa dada yangu Nyakerario,

Nakusalimu kwa jina la Yesu aliye hai. Hali yako huko Malindi? Mume wako Mokua, miguu yake imeacha kuvimba? Na mama yako, Shangazi Priscilla, bado anakataa kulala chini ya feni? Sisi huku Sori tunapumua kwa neema. Omena, dagaa wetu wa ziwani, imepatikana wiki hizi, na jua la kuianika lipo.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu haya siwezi kukwambia kwa simu. Utaona mwenyewe.

Ulinionya juu ya lile kundi la maombi la mtandaoni. Ulisema, "Linet, simu haina mlango." Ulisema kweli. Lakini dada, mjane wa Sori aseme wapi? Kanisani nikipiga magoti, jirani anasogea ili asikie. Nikiingia kwa mchungaji, kabla sijatoka soko lote linajua nimelia. Kule mtandaoni unatuma sauti yako kwa mtu anayeitwa Mlinzi, hakuna anayemjua, anakuombea, basi. Kuna watu wa Kendu Bay, wa Nairobi, mpaka Uarabuni. Nilidhani Mlinzi ni mtu wa mbali.

Unajua tangu Ochola wangu afariki, ndugu yake Jacktone amekuwa akitaka kunirithi niwe mke wake. Wazee walisema bila kurithiwa nisitie mbegu shambani, nisije nikailetea boma laana ya chira. Nikatuma ombi langu kwa Mlinzi, nikilia: "Bwana, niepushe na Jacktone, mtu ambaye hata mbuzi wake humkimbia."

Wiki haikuisha. Jacktone alikuja na wazee, akaketi kwenye kiti cha marehemu, akatoa simu, akaicheza sauti yangu. Kilio changu chote, dada. Mzee mmoja alicheka mpaka akapaliwa.

"Shemeji," Jacktone akasema, "ni mbuzi yupi huyo aliyekuja kunishtaki kwako? Hata maombi yako yanapitia kwetu kwanza. Dada yangu Phelesia ndiye Mlinzi."

Phelesia! Wifi yangu, ambaye ua wake na wangu ni mmoja. Siku ya mazishi yeye ndiye aliyenishika mkono.

Sikulia tena. Jumapili kundi lilipokuwa hewani kwa ushuhuda, nikawasha kamera, nikajitaja jina, nikasema Mlinzi ni nani na amefanya nini. Halafu nikalirudia ombi langu lote, na mbuzi akiwemo. Sasa Jacktone akipita sokoni akina mama wa samaki wanamlilia, "Mee! Mee!" Habari ya kurithi hajaitaja tena. Nimeshalima, nangoja mvua tu.

Phelesia walimnyang'anya simu ya kundi. Akaja kwangu na macho mekundu: "Linet, umenivua nguo mbele ya dunia."

"Wewe ulinivua mbele ya mashemeji, wifi. Afadhali dunia."

Utadhani moyo wangu ulipoa. Haukupoa.

Ndipo Pasta Cephas, aliyeanzisha kundi, akaniletea simu hiyo imefungwa kwenye kitambaa. Alisema, "Mama, shika wewe. Ukibeba machozi ya wengine utajifunza kusamehe." Tunaojua ni mimi na yeye, na sasa wewe.

Nilidhani baada ya aibu yangu wanawake wangelikimbia kundi. Wachache walitoka, wengine wakarudi. Kuna mama wa Osiri ambaye mumewe hushuka kwenye mashimo ya dhahabu, hutuma kila asubuhi. Wanajua simu inaweza kuwasaliti, walinisikia kwa masikio yao. Lakini nyumba ikiungua, nani anauliza maji yametoka kisima gani?

Jana ikaingia sauti ninayoijua. "Mlinzi mpya, sikujui, wala sitaki kukujua. Niombee. Kuna jambo nimemficha mume wangu. Na adui yangu yuko nyuma ya ua, akijua nimekwisha."

Phelesia, dada! Yeye aliyeshika simu hii kwa mkono wake, anayejua jinsi inavyovuja, hakupata pengine pa kulilia.

Jambo lenyewe sikuandikii hata wewe. Namba ya mumewe, Omondi, ninayo. Nimemwomba Mungu aniondolee hasira. Hajaiondoa, nami sijamsukuma sana. Usiniandikie habari za kusamehe kabla mahindi yangu hayajaota.

Nimemjibu kwa maandishi, maana sauti yangu anaifahamu: "Nimesikia, dada. Usiogope. Nieleze yote." Simu inalia mezani hapa. Anaeleza.

Msalimie Mokua, na Shangazi Priscilla umshike miguu kwa niaba yangu, na mtoto Liz umbusu. Mungu awafunike usiku na mchana, na adui zenu awaoneshe wangali hai.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kupunguza,
Linet