Kwa Bi Mkubwa, Juu ya Uzi Ule Mnene

Bi Mkubwa wangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa herufi ulizonifundisha mwenyewe, wewe binti wa mwalimu wa chuo, kwa hiyo zikikaa upande usinicheke mimi, mcheke aliyenifundisha. Wachuuzi wa samli wanarudi Kondoa kesho asubuhi na mmoja wao ameahidi kukufikishia barua hii. Mtu akitaka kuisoma njiani na aisome. Ninayokuambia nimeyaficha muda wa kutosha.

Nyumba ni ile ile. Nikiamka bado nasubiri useme "Mbukwa!", salamu ya kwetu Wagogo, kwa ile sauti yako ya kunitania, Mrangi unayejifanya Mgogo, nami nikuitikie huku nimenuna. Watu husema wake wenza ni paka na panya. Mwaka wa kwanza tulikuwa hivyo, sikatai. Mimi nilikuja na ulimi, wewe ulikuwa na dharau. Kilichotupatanisha ni vyerehani viwili vya mume wetu, cha mkono na cha miguu, kwa kuwa makoti ya askari wa boma yalikuwa mengi na yeye mikono yake miwili tu.

Unakumbuka alivyokuwa akichagua uzi dukani kwa Mhindi? Anakata kipande, anakisokota kinyume mpaka kifumuke, anatazama nyuzi ndogo zilizomo, kisha anauvuta kwa ghafla karibu na sikio asikie unavyokatika. Mhindi alikuwa akikasirika kweli! Wewe ulijifunza sikio lile. Mimi nilipenda uzi mnene tu, nikidhani unene ndio nguvu.

"Bi mdogo," ulikuwa ukiniambia, "uzi wa koti ni wa koti. Viraka vinataka uzi mwembamba, usio na manyoya, usiokula kitambaa."

Kisha homa ikamchukua kwa siku nne, tukabaki wajane wawili ndani ya nyumba moja, tukikaa eda. Ni wewe uliyetoa kikapu chake cha mabaki na kusema tumshonee kumbukumbu, shuka moja kubwa la viraka: marikani, kaniki, kaki ya askari, bafta ya kanzu. Ulivikata vyote kwa kipimo kimoja, kile kibao chako pamoja na ukingo wa mshono, tukagawana. Kila mmoja ashone nusu, viraka kumi na tano kwenda chini, halafu tuunganishe katikati. Ulichukua cherehani cha mkono ukasema kinakwenda polepole lakini kinasimama pale unapokiambia. Ukabandika tone la nta karibu na sindano ili ukingo wa kitambaa upite hapo hapo kila mara. Mimi nikakalia cha miguu, ambacho kikishika mwendo hakisikii la mtu.

"Umebadilisha uzi?" ukaniuliza siku ya kwanza.

"Nimebadilisha."

Sikubadilisha, Bi Mkubwa. Uzi ule mnene mume wetu alikuwa ameupitisha mwenyewe, tundu kwa tundu mpaka kwenye sindano, alasiri ile homa ilipomshika akaliacha koti katikati. Sikuweza kuukata. Nilishona polepole siku zile za mwanzo kwa kuogopa usikatike, kisha nikazoea nikaenda mbio. Wewe ulikuwa umekaa naye miaka kumi, mimi miwili. Nikajiambia hiki kidogo kiwe changu peke yangu, nikakugeuzia mgongo ili usione ninachoshonea.

Siku kaka zako walipokuja na punda kukuchukua, tulitandika nusu zetu mkekani. Yangu ilipungua vidole viwili. Uzi ule ulikuwa umekula kidogo kwenye kila mkunjo, na mishono yangu bila alama ya nta ilikuwa imeingia ndani kidogo. Unywele tu kwa kila kiraka, lakini haba na haba hujaza kibaba. Ulipiga magoti ukapima kwa kibao, ukainama kuutazama mshono. Nikaona sasa utauona uzi. Basi nikakuwahi.

"Wewe ndiye uliyejikatia vikubwa," nikasema. "Siku zote unajikatia kikubwa. Hata kwa marehemu ulijikatia."

Kaka zako walikuwa mlangoni, walisikia. Ulikunja nusu yako taratibu.

"Haya, mdogo wangu. Kila mtu na chake."

Ungenitukana ningelala usingizi. Uliniita mdogo wako, ukashika njia, ukaacha kibao chako juu ya mkeka.

Wiki iliyopita nilikaa chini nikafumua nusu yangu yote. Siku tatu, kiraka kwa kiraka. Uzi wake ulitoka umejikunjakunja, nikausokota mkononi nikingoja kulia, kilio kisije. Nikaenda kwa Mhindi nikauvuta uzi mwembamba sikioni kama alivyofanya mume wetu, naye Mhindi akakasirika vile vile. Nikabandika nta. Nikakanyaga cherehani kwa ncha ya mguu, na kila mshono nikaupiga pasi kabla ya kwenda kwenye unaofuata. Nilipomaliza nikapima kwa kibao chako kutoka juu hadi chini. Kumi na tano kamili, hakuna kilichopungua. Nikainua kichwa nikuonyeshe.

Hapo ndipo nilipolia.

Nitakuambia ukweli ambao mjane hapaswi kuusema. Marehemu namwombea kila siku, Mungu amrehemu. Lakini ninayemsikiliza hatua zake uani ni wewe. Nikipika natenga sahani mbili, nikisikia mzaha sokoni nauhifadhi nije kukusimulia, kisha nakumbuka sina wa kumsimulia. Lile neno nililolisema mbele ya kaka zako lilikuwa uongo, na nililijua ni uongo lilipokuwa bado mdomoni. Aliyejikatia kikubwa ni mimi. Nisamehe, nami nitaomba msamaha tena mbele yao kama ulivyoaibishwa mbele yao.

Uwele ukishavunwa nitafuatana na wachuuzi hawa kuja Kondoa, nikiwa na nusu yangu kichwani. Na kama kwa hasira umeshaikata yako ukawapa wapwa wako wajifunike, usinitumie salamu za kunizuia. Nitakuja hivyo hivyo. Sifuati shuka.

Ni mimi,
bi mdogo wako