Gauni la Pili

Ipuli, Tabora
4 Machi 2024

Kwako Doto,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, goti la mama limepunguza kumsumbua na mvua bado zipo. Wewe na joto la Dar mnaendeleaje? Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ungeniwahi kwa maneno.

Jirani yetu Renatus amenionyesha filamu yako kwenye simu. Dakika kumi na mbili, msichana wa miaka kumi na minne anajitazama kwenye kioo na hasemi neno. Kioo kile ni cha mama, na ufa wake. Uliniagiza magauni mawili ya njano, nikayashona kwa vipimo vyangu mwenyewe, sawasawa na yale yetu ya kipaimara. Sasa nakuta moja kalivaa huyo mwigizaji wako Tunu, la pili limetundikwa kambani mwanzo hadi mwisho kama nguo ya marehemu. Mimi niko wapi? Halafu kwenye mahojiano unamwita Tunu "pacha wangu". Hapo nilimrudishia Renatus simu yake.

Naona wivu, sifichi. Kwetu pacha hapewi kitu mwenzake akakosa. Hata pipi moja bibi alitukatia kwa meno. Ila baba alikupa wewe kamera, mimi cherehani, na tangu hapo wewe unapigiwa makofi, mimi nakunja pindo za sketi za shule.

Dada yako,
Kulwa

Sinza, Dar es Salaam
20 Machi 2024

Kwa dada Kulwa,

Shikamoo ya zile dakika ishirini ulizonitangulia. Mimi mzima, joto tu. Mama apake ile dawa niliyotuma.

Lile neno la pacha nililisema vibaya, nisamehe. Lakini Tunu nilimvisha magauni yote mawili. Kwa la kwanza aliigiza kama mimi, sikujali. Kwa la pili aliigiza kama wewe, na jioni nikafuta kila nilichopiga. Sikupata wa kulivaa, ndiyo maana liko kambani.

Na kamera usinisingizie. Baba aliviweka vyote viwili mezani, akasema mkubwa achague kwanza. Ukachagua cherehani kwa sababu ilikuwa kubwa. Mimi nililia nyuma ya jiko, maana niliitaka hiyohiyo uliyoishika.

Jumamosi tarehe 27 Aprili, saa tisa alasiri, tutaionyesha hapo Tabora, ukumbi wa parokia. Gauni lako la kambani nalituma kwa basi. Kiti cha kando yangu ni chako.

Mdogo wako,
Doto

Sinza
3 Mei 2024

Kwa dada Kulwa,

Shikamoo. Nimefika salama. Kiti chako kilikaa kitupu hadi mwisho. Mama akasema umepeleka sare Urambo, nikakungoja siku mbili. Kama kinyongo bado kipo, niambie.

Mdogo wako,
Doto

Ipuli
12 Mei 2024

Kwako mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, anakusalimu.

Urambo nilikwenda, ila baada ya filamu, na nilikwenda kwa aibu. Ukumbini nilikuwepo. Nilichelewa, nikasimama mlango wa nyuma nimevaa gauni. Taa zilipowaka watu walikuzunguka huko mbele, mimi nikatoka nje, na wasichana wa sekondari wakanifuata. "Hongera, dada Doto." Nikasema asanteni. Wakanipigia makofi, wakapiga picha nami, nikawachekea kwa upande kama unavyocheka wewe. Niliona raha ambayo sijaiona miaka mingi. Nusu yangu nimechukua, na siirudishi.

Cherehani naikumbuka. Ilikuwa kubwa kweli.

Msichana mmoja alibaki na daftari lake. Akaniuliza gauni la kambani ni la nani, mbona ndilo nililovaa. Nikamwambia ni la dada yangu Kulwa, amelishona mwenyewe, na tangu utoto mimi Doto namwonea wivu. Akaandika yote.

Kama nimekusemea uongo, niandikie.

Dada yako,
Kulwa