Lori la Magodoro Lililonishika Mteremkoni

Baba mpendwa,

Salamu kutoka Juba. Niko hotelini Hai Amarat, mbele yangu sangara wa kukaanga aliyejaa sahani, na furaha niliyo nayo haisemeki, maana nilidhani sitafika.

Nilipopita mpaka wa Nimule niliingia mteremko kwa gia kubwa, kosa ulilonikataza tangu siku ya kwanza. Katikati breki zikapata moto, zikafuka moshi, na pedali ikazama hadi chini bila kushika. Nyuma nilibeba saruji lori zima. Gia ndogo ilikataa kuingia. Nikawasha taa zote, nikabonyeza honi bila kuachia.

Mbele yangu alikuwa dereva Mganda, Okello, na lori la magodoro. Aliniona kwenye kioo, akaongeza mwendo kidogo, kisha akaniacha nimguse kwa nyuma, taratibu. Magodoro yakabonyea, lori langu likamwegemea, naye akatuzuia sote kwa injini yake mpaka tambarare.

Alishuka akanikuta bado nimeng'ang'ania usukani.

"Nani alifundisha wewe kuendesha?"

Niliona aibu. "Baba yangu."

"Ambia yeye asante. Wengine wanaruka, wanaacha gari iende kuua watu."

Basi asante, Baba. Breki mpya zimefungwa leo asubuhi, na Okello yuko hapa anamalizia kichwa cha samaki. Anakusalimu. Mbusu Mama kwa niaba yangu, nanyi mlale bila wasiwasi.

Binti yako,
Nekesa