Mahali pa Kuzungumzia

Jumapili, 3 Mei

Mgahawa wa nne leo. Wa nne! Na bado hatujazungumza.

Ulikuwa mzuri, jamani. Madirisha makubwa, kahawa inanukia mpaka barabarani, watu wanaongea chinichini. Nikajisemea hapa hapa, leo tunalimaliza. Nikakaa. Nikatoa karatasi kwenye pochi. Kuinua macho — mume wangu yuko chini ya meza. Ndiyo, chini ya meza! Anatikisa mguu wa kiti. Akaibuka huku anapangusa magoti, akasema viti virefu mno, na vinayumba, mtu ataanguka hapa. Nikamwambia sisi watu wazima tutaangukaje? Akachomoa penseli sikioni, akaandika kitu kwenye kidaftari chake, akasema tunywe twende.

Nimeolewa na seremala, najua. Wengine wakiingia mahali wanaona watu, yeye anaona misumari. Lakini hii sasa imezidi.

Niliandike jambo lenyewe, maana kichwa kimejaa. Nafua hospitalini, mashuka na nguo za wagonjwa. Msimamizi wetu, Bi Funguo, amenipa karatasi: mkataba wangu unaisha. Nisaini miaka miwili mingine, au turudi nyumbani. Tunarudi wote, kwa sababu kibali cha mume wangu, Baba Kishungi, cha kukaa nchi hii kimening'inia kwenye changu. Jibu si zaidi ya Ijumaa tarehe kumi na tano. Na nyumbani kuna Kishungi wetu, yuko kwa mama yangu. Tulimwacha hajatimiza miaka miwili. Sasa ana minne.

Kwa nini tusiongelee chumbani kama watu wengine? Shangazi yake! Yule aliyetufunda kabla ya harusi. Alituapisha wote wawili: neno zito lisisemwe ndani ya nyumba mnayolala, mtakuwa mnalala nalo. Tokeni nje, mkakae mahali. Kule kwetu mahali palikuwepo, benchi nyuma ya karakana yake, alilichonga mwenyewe. Tulilikalia mara tatu kwa mambo mazito, na mara zote tatu tuliinuka tumeelewana. Basi benchi hatukulibeba. Sasa tunazunguka nchi ya watu kutafuta pa kukaa.


Jumatano, 6 Mei

Mashuka mia nne na ushee. Mashine ya pasi imekwama mara mbili. Shuka linaingizwa mashineni na watu wawili, kila mtu na pembe yake, na mwenzangu — namwita Dada Mkubwa ingawa kanizidi miaka mitatu tu — akaniuliza, umeamua? Nikamwambia bado tunatafuta kiti. Akacheka mpaka akaachia pembe. Shuka likaingia upande, likatoka limekunjamana vibaya, tukalirudia.

Jioni nikapiga simu nyumbani. Akapokea Kishungi mwenyewe, siku hizi anajua kubonyeza. Nikamsikia anapaza sauti: Bibi, njoo, mama wa simu!

Mama wa simu.

Mama yangu akaja mbio, akasema usimjali mtoto huyu, kila mtu kwake ni mama, kuna mama wa duka, kuna mama wa maziwa. Haya. Kwa hiyo mimi niko fungu moja na mama wa maziwa. Nikacheka. Halafu nikaenda bafuni nikafungulia maji, nikalia.

Baba Kishungi sijamwambia. Hilo nalo ni zito, halisemwi ndani!


Jumamosi, 9 Mei

Maporomoko ya maji. Wazo lake. Eti kuna utulivu.

Mabasi mawili, kisha ngazi. Vidato mia mbili na kumi na vinne — najua idadi kwa sababu alivihesabu kwa sauti. Na kila baada ya kumi anasimama, anatoa tepu, anapima kimo cha kidato. Nyuma yetu foleni ya watu wenye fimbo na chupa za maji, wanahema, wanangoja mwanamume apime ngazi. Niliwaomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima.

Kule juu, sitadanganya, ni kuzuri. Maji yanashuka meupe, mvuke unakupiga usoni, hata hasira inapoa kidogo. Lakini kelele! Nikamwambia, Baba Kishungi, ule mkataba. Akaweka mkono sikioni. Nikarudia. Akatikisa kichwa. Nikavuta pumzi nikapiga ukelele: MKATABA! Bibi mmoja mwenye mbwa akageuka. Mbwa akabweka.

Yeye? Ameshafika kwenye uzio. Anapima nafasi kati ya chuma na chuma. Tepu haikumtosha, akanyoosha mkono akachukua pochi yangu, akaipenyeza katikati. Ikapita! Pochi yangu, na karatasi ya Bi Funguo ndani, inaning'inia juu ya maporomoko! Akanigeukia na uso wa msiba. Unaona? Inapita! Naona nini mimi? Namwona mtu na akili zake anataka kunizamishia pochi.

Tumeshuka. Kidaftari kikatoka, penseli ikatoka. Vidole vyangu vya miguu vinaniuma hadi sasa.


Jumapili, 10 Mei

Mgahawa wa tano, nimeuchagua mimi. Mdogo, meza sita tu, hakuna muziki, mhudumu mpole. Viti vifupi! Nilivikagua mwenyewe kupitia dirishani kabla hatujaingia. Ndipo nilipofika, nakagua viti na mimi.

Tukakaa. Kahawa ikaja. Nikasema, sasa. Akasema, sasa. Nikafungua mdomo — na yeye akashusha kiganja, akapapasa pembe ya meza. Meza za kioo. Akapiga magoti sakafuni, akasogeza jicho mpaka kwenye pembe, karibu kabisa. Mhudumu akauliza kama bwana amepoteza kitu. Nikamjibu ndiyo, akili.

Akainuka akasema pembe hizi ni hatari, tuondoke.

Nje nikamlipukia. Sikujali watu. Nikamwambia kama hutaki kuzungumza, sema hutaki, usinizungushe mji mzima kama pia. Akasema anataka, tena sana, ila si popote tu. Nikamwambia shangazi yako alisema tutafute mahali, hakusema tutafute paradiso! Akacheka. Mimi sikucheka. Tumerudi yeye mbele, mimi nyuma.


Jumatatu, 11 Mei

Hatusemezani. Chumvi iko wapi, iko pale. Basi.


Jumanne, 12 Mei

Mpya hii! Amerudi kazini jioni suruali imelowa mpaka gotini, viatu kavishika mkononi. Nikadhani bomba limepasuka huko ghalani anakounganisha makabati. Hapana. Ameshuka basi kabla ya kituo chetu, akaenda ziwani. Peke yake! Kufanya nini? Kuangalia. Kuangalia nini? Maji ya ukingoni. Yamemfika gotini, akasema, na chini ni mchanga mtupu, hakuna matope. Akasema kama mtu aliyeokota dhahabu.

Nikamwuliza tutazungumza tumesimama majini? Akasema kuna kibanda cha kahawa pembeni, twende Jumamosi.

Jumamosi ni tarehe kumi na sita! Mwisho ni Ijumaa, nimemwambia mara ngapi? Akasema si umwombe Bi Funguo akuongezee siku moja. Kirahisi tu, kana kwamba naenda kuazima kijiko kwa jirani.

Nimechoka. Nimechoka mpaka kwenye kucha. Mtoto wangu ananiita mama wa simu na baba yake anapima maji.


Ijumaa, 15 Mei

Nimejibu.

Ilikuwa wakati wa chai. Nilimkuta Bi Funguo stoo, anahesabu mifuko ya nguo chafu, funguo zake zinalia kiunoni. Nilikuwa nimekwenda kuomba ile siku moja, kwa haki ya Mungu ndilo lililonipeleka. Nikafungua mdomo likatoka lingine. Nikamwambia sisaini. Narudi kwa mwanangu. Akaacha kuhesabu. Akauliza, na mumeo anasemaje? Nikamwambia mume wangu bado hajapata kiti. Hakuelewa, nami sikumfafanulia.

Akasema amesikitika, mkono wangu ni mwepesi na sina maneno mengi. Halafu akasema kitu sikukitegemea. Yeye naye aliwaacha wanawe wadogo akaja kutafuta kazi, na mpaka leo wakimtembelea hajui awapikie nini. Akanionyesha mahali pa kutia saini, ule mstari wa chini, wa wasioendelea. Nikatia. Akasema karatasi inakwenda ofisini leo leo.

Nilitoka mwepesi! Mpaka mchana nilikuwa naimba kwenye mashine. Dada Mkubwa akasema leo umekula nini.

Ni kwenye basi la kurudi ndipo nilipogutuka. Nimeamua maisha ya watu wawili, watu watatu, katikati ya mifuko ya nguo chafu. Yeye hajui. Na nikifika nyumbani siwezi kumwambia, maana hakuna neno zito kuliko hili, na nyumbani ni ndani. Sheria ile ile niliyoilaani wiki nzima, leo nimeishika kama ngao.

Mezani akaniuliza, Bi Funguo amekuongezea siku? Nikasema nitakueleza kesho tukiwa nje. Si uongo. Ukweli pia si huo.


Jumamosi, 16 Mei

Naandikia huku huku ziwani, mezani. Sijawahi kuitoa shajara hii nje ya nyumba, lakini kama siandiki nitapasuka.

Kibanda kiko hatua chache kutoka majini. Jua, upepo kidogo, familia mbili tatu zimetandika mikeka. Nilikaa nikisubiri visingizio. Akatikisa viti. Akagonga meza kwa kiungo cha kidole. Ni za mbao, na pembe zake zimechongwa mviringo. Akazungusha kiganja kwenye pembe zote nne. Halafu akatabasamu! Wiki mbili sijaona tabasamu lile. Akasema, Mama Kishungi, hapa panafaa. Kaa, nikalete kahawa, nikirudi tunazungumza.

Foleni ni ndefu. Ameacha koti lake kitini, na juu ya koti kidaftari.

Tangu tuoane sijakifungua. Nilijua ni mambo ya mbao. Leo nimekifungua, sijui kwa nini, labda kwa sababu mikono ilikosa la kufanya. Nanakili kama alivyoandika:

Mgahawa wa nne. Viti virefu, vinayumba. Ataanguka.

Maporomoko. Vidato virefu kwa miguu yake, abebwe. Uzio: pochi imepita, kichwa chake kitapita. HAPANA.

Mgahawa wa tano. Meza za kioo. Pembe ziko usawa wa jicho lake.

Ziwa. Maji ya gotini kwangu, kwake kifuani. Mchanga safi. Aingie na mimi tu.

Yake. Kwake. Kurasa nzima hivyo hivyo, kuanzia mgahawa wa kwanza. Kila mahali tulipokwenda tulikuwa watatu, na mimi peke yangu nilikuwa sijui.

Mwisho wa kidaftari kuna fomu, imekunjwa mara nne. Ombi la kumleta mtoto. Imeandikwa wazi juu kabisa: kwa mfanyakazi anayesaini mkataba wa pili. Ameijaza yote kwa ile hati yake ya mraba. Jina la Kishungi, la kwenye cheti. Tarehe ya kuzaliwa. Pembeni, mahali ambapo hakuna aliyemuuliza, ameandika kimo cha mtoto na maneno haya: bibi yake humpima ukutani kila Alhamisi. Kwa hiyo anapiga simu nyumbani kila wiki kuuliza kimo, kimya kimya, na mimi sijui! Limebaki pengo la saini yangu, na pengo la namba ya mkataba mpya.

Fomu ni ya mwezi uliopita. Mwezi uliopita! Sentensi moja tu angesema. Moja, jikoni, nimeshika mwiko, tungelala nayo na ingekuwa raha kulala nayo! Nina hasira naye nataka kumrushia hiki kidaftari. Nina hasira na shangazi yake. Na benchi. Na mimi je? Mimi niliyeshindwa kungoja siku moja?

Nimempigia Bi Funguo. Imezimwa. Nimepiga tena. Jumamosi huwa anazima, sote tunajua. Jana alisema leo leo. Akisema leo leo huwa ni leo leo.

Nimerudisha kidaftari juu ya koti. Sikumbuki kilikuwa kimelala upande gani.

Anakuja. Trei mkono mmoja, vikombe vinagongana, na mkono wa pili anaburuta kitu. Watu wanampisha. Kiti cha mtoto, kile kirefu chenye mkanda. Amekiomba pale dirishani, sijui kawaambia nini.

Amekisimamisha mezani, kati yetu. Amekitikisa. Amekiegemea kwa uzito wake wote. Hakikuyumba. Amekaa, amenisogezea kikombe, amesema haya, Mama Kishungi, anza wewe.

Nimemwambia angoje nimalize kuandika.

Anangoja. Ametoa leso, anafuta vumbi kwenye kile kiti.