Kila mtu alimpa bibi kidonge

Oya, shika simu. Nusura tumuue bibi yangu leo. Sisi wenyewe, ndani ya gari!

Si unajua anavyotapika safarini? Kabla hatujatoka nikampa kidonge cha kuzuia kutapika. Kimoja tu, kama walivyosema duka la dawa.

Kumbe shangazi naye kampa. Kumbe mjomba, tuliposimama kujaza mafuta, naye kampa. Na asubuhi alishakunywa dawa yake ya mafua! Bibi anamlalamikia kila mtu kivyake, na kila mtu anajiona yeye ndiye mwenye huruma.

Tumefika, namwita, kimya. Namtikisa, shingo inalegea tu. Oya, shingo INALEGEA. Mjomba anasema, "Mwache, kachoka na safari." Kachoka nini! Nikamwambia geuza gari, hospitali, sasa hivi.

Daktari anauliza, "Nani kampa dawa?" Kila mmoja akasema, "Mimi." Akatuchana vibaya. Eti zote zinaleta usingizi, hata hiyo ya mafua, na mzee kama yule ukimrundikia anaweza kushindwa kupumua. "Mnampa dawa bila kuulizana?"

Nimekaa, macho kwenye kifua chake tu. Kinapanda, kinashuka.

Sasa hivi kafumbua jicho moja. Daktari kaninyooshea kidole, kamuuliza, "Bibi, huyu unamjua?"

"Mume wangu huyo. Mvivu."

Nimetoka nje nalia kama mtoto. Usimwambie mtu.