Skrubu Niliyoikaza Mimi

Dodoma, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Mwangaluka, mayu! Goti limekuachia, au bado linatabiri mvua? Mimi mzima, nimenenepa mpaka ovaroli inalalamika. Zuhura, mdogo wangu unayemsomea Mama, usiruke mstari, na hiyo sauti ya kutangaza msiba iache.

Mama, mwanao aliyekimbia kidato cha pili sasa anaitwa fundi na watu wenye ndevu! Gari la dizeli likiingia gereji, naangalia moshi tu. Wa bluu, injini inakunywa oili. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, huenda maji yamepenya ndani. Mweusi, dizeli imezidi hewa. Daktari mwenyewe mpaka akutoboe kidole.

Bosi wangu ni Mgogo, mtani wetu, basi sipumui. "Babu zako walipita hapa na mizigo kichwani, wakatulipa hongo ya njia. Wewe umekuja kwa treni, mikono mitupu. Lipa!" Namjibu, "Nimekuletea akili, huku zimeadimika."

Juzi iliingia pikapu kuukuu, pacha wa ile ya marehemu Baba, moshi mweusi tii. Niliposikia mngurumo wake nikamwona Baba anatoka Ulyankulu na madumu ya asali, mkono nje ya dirisha, anasalimia mpaka ng'ombe. Wewe mbele na kikapu cha michembe ya viazi. Mimi na Kaka Ramadhani nyuma, tumenata asali hadi kwenye nyusi. Nikainama kama natafuta spana.

Mwenye gari alishabadilisha chujio la hewa na nozeli, wapi. Bosi akaenda moja kwa moja kwenye pampu ya dizeli, akagusa skrubu ndefu ya nyuma. "Hii imekazwa, inamimina dizeli kupita kiasi. Kuna mjinga alitaka gari likimbie." Gereji nzima ikacheka. Mimi sikucheka.

Mama, mjinga wa gari letu ni mimi. Wiki ile kabla sijaondoka niliikaza skrubu kama hiyo mzunguko mzima, nilipite basi la Bukene, vijana wa kijiweni wanione. Nikalipita, wakanishangilia. Moshi ulipoanza nikasema Kaka Ramadhani ameiua injini kwa kulijaza gari mizigo, nawe ukampokonya ufunguo. Sasa Zuhura ananiambia fundi wa hapo mjini kasema injini imekufa, na mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja Ijumaa. Kwenye simu nilishindwa kusema. Barua hii nimempa mhudumu wa treni, itawahi.

Usiuze, Mama. Kaka alegeze nati inayoibana ile skrubu, airudishe mzunguko mmoja kinyume cha saa, kisha aibane tena nati. Chujio la hewa nalo alisafishe. Halafu apakie mzigo, apande mlima. Moshi ukiwa mwepesi, injini ya Baba ni nzima. Ukibaki mweusi, nakuja kuifungua mwenyewe, na viboko vyangu nivikute.

Msalimie Shangazi mkaanga vitumbua wa stesheni, na yule bibi jirani anayetuazima kinu ili apate umbea. Mjomba mlina asali umwambie namkumbuka, deni langu la nta asilikumbuke.

Kaka Ramadhani, nilikusingizia. Nisamehe. Mama, ulimpokonya ufunguo mbele ya majirani. Mrudishie mbele yao hao hao, na jina langu ulitaje.

Ni mimi kitinda mimba wako wa kiume, mdomo kwanza spana baadaye,

Shabani