Dhania Iliyokunywa Dawa Yangu

Jumamosi, Karatina, mwezi wa nne. Mvua tangu alfajiri.

Mlima haujaonekana wiki nzima na nguo zangu ziko kwa kamba siku ya tatu, zinaoshwa upya na Mungu mwenyewe. Lakini mimi niko na furaha ya kipumbavu. Nimekaa jikoni, miguu juu ya gunia la viazi, nyumba inanuka vitunguu na moshi wa kuni, na harufu yote ninaisikia. Wiki tatu zilizopita ungenipa kipande cha sabuni ningekula nikidhani ni mkate.

Najua nimekunyamazia mwezi mzima, shajara. Kulikuwa na jambo ambalo nilikuwa nimeapa kutolisema kwa mdomo wala kuliandika kwa kidole. Leo nimechoka kulibeba peke yangu, na kwa kuwa hapa mtandaoni hakuna anayejua jina langu, wacha nilitue.

Niko na mimba. Wiki ya tisa.

Haya, nimeandika, na paa halijaanguka.

Kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu mara ya kwanza, miaka miwili iliyopita, sikunyamaza. Nilikuwa na wiki sita tu na tayari nilikuwa nimemwambia kila mtu mwenye masikio. Nilifuma hata sweta ndogo ya manjano, maana kazi yangu ni kufuma sweta za shule kwa mashine, na kipande cha uzi kilichobaki hakinipiti. Wiki ya nane mimba ikaharibika.

Kutoa habari ni rahisi. Kuirudisha ndiyo kazi. Miezi mitatu baadaye mama mmoja anayeuza ndizi sokoni aliniuliza mbele ya watu, tumbo letu linaendeleaje. Nilinunua ndizi ambazo sikuzihitaji ili nisijibu.

Aliyeumia zaidi yangu, nafikiri, ni Mami. Mami ni mama mkwe wangu. Tunaishi boma moja, nyumba yake na yangu zikitazamana, katikati kuna shamba la mboga lenye ukubwa wa mkeka. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama yake baba, kwa hivyo Mami alikuwa akingoja kuzaliwa. Mara ile aliwaambia akina mama wote wa kanisa. Alitembea kijijini kama mtu aliyechaguliwa kuwa chifu. Ilipoharibika alikuja akakaa nami siku nzima bila kusema kitu, akimenya maharagwe, na tangu siku hiyo hatujawahi kuizungumzia.

Kwa hivyo safari hii nilimwambia mtu mmoja tu, mume wangu. Mwangi ni mpishi katika hoteli moja Nanyuki, huja nyumbani siku zake za mapumziko. Nilimwapisha. Nikamwambia, Mami akijua kabla ya miezi minne, wewe utajipikia mpaka uzeeke. Akasema yeye hujipikia tayari, na mimi pia hunipikia. Ni kweli, lakini aliapa.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyoharibika.

Kufikia wiki ya sita nilikuwa nachukia harufu ya kila kitu. Kabichi ikichemka kwa Mami, mimi huku natafuta mlango. Nilikuwa natapika na kucheka, maana kichefuchefu ni barua kutoka ndani: niko, niko, niko. Kisha asubuhi moja ya Jumatano niliamka, nikaweka chai motoni, na hakukuwa na kitu. Hakuna kichefuchefu. Nilifungua mfuniko wa mafuta ya taa nikanusa. Hakuna.

Niliketi chini sakafuni. Ukweli ni kwamba mara ya kwanza ilianza hivyohivyo: siku moja kichefuchefu kilikoma, nikafurahi kama mjinga nikala chapati tatu, na siku tatu baadaye damu. Kwa hivyo pale sakafuni nilijua. Nilijua kabisa. Nililia huku mwili unaniuma, kichwa kinagonga, na nikasema hayo maumivu ni ya huzuni.

Huzuni haina kikohozi. Hilo nililigundua mchana.

Kliniki nilimpata sista mmoja wa makamo, mpole lakini hana muda wa kupoteza. Alinisikiliza, akanipima joto, akaniingizia kile kijiti puani mpaka nikaona nyota. Akarudi na karatasi.

“Wewe uko na korona,” akasema.

Nikacheka. Naungama hapa, nilicheka mpaka akanitazama vibaya. Nilimwambia, sista, hujui ulivyonifurahisha, mimi nilidhani pua imekufa kwa sababu mimba imekufa. Naye akaketi, akaacha kuandika. Akaniambia wengi wanaougua kidogo kama mimi, mimba zao huendelea vizuri, ila hawezi kuniapia, yeye si Mungu. Homa ndiyo hataki ipande. Nimeze dawa ya homa aliyoniandikia, ninywe maji mengi, nilale. Nisijifukize chini ya blanketi, maana joto jingi si zuri kwa mimba changa. Mitishamba niiache kwanza, hata ya mtu ninayempenda. Nikiona damu au maumivu ya tumbo nisingoje kupambazuke. Nikipona nirudi wanipige picha.

Kicheko kiliniishia njiani. “Siwezi kukuapia.” Maneno hayo yalinifuata mpaka nyumbani yakalala nami kitandani.

Mwangi nikamwambia abaki Nanyuki. Mami nikamwambia kwa simu, yeye akiwa mlangoni pake na mimi kwangu, tunaonana.

“Korona gani?” akasema. “Si hiyo iliisha?”

“Haikuisha, Mami. Ilipumzika.”

Akakata simu. Nikamwona anachukua panga, anaelekea kwa miti. Hapo nikajua niko taabani.

Mami ana dawa yake. Kila mtu hapa kijijini aliyewahi kupiga chafya anaijua: muarubaini, tangawizi, kitunguu saumu, na majani mengine ambayo hajawahi kunitajia. Inachemka mpaka inakuwa nyeusi. Ni chungu kiasi kwamba Mwangi anasema huponi, unaacha tu kulalamika. Jioni hiyo aliweka thamosi kwa ngazi yangu, akarudi nyuma hatua kumi, akaketi kwa kigoda chake katikati ya uwanja, maski imefunika mpaka macho, akangoja.

“Kunywa ikiwa moto.”

Sasa ningefanya nini? Mke hakatai kilichopikwa na mama mkwe, hasa mama mkwe aliyepanda mti kwa miaka yake sabini kukutafutia majani. Na nikimwambia sababu, siri imekwisha. Nikachukua thamosi, nikaingia jikoni, nikafungua dirisha la nyuma polepole, nikamwaga yote. Chini ya dirisha hilo kuna dhania yangu. Nikatoka nje nikijipangusa mdomo na kukunja uso.

“Umekunywa yote?”

“Yote, Mami. Ni chungu kweli.”

“Hiyo ndiyo inafanya kazi,” akasema, ameridhika.

Mimi ni mwongo mzuri kuliko nilivyojua.

Blanketi na sufuria ya mvuke alileta pia. Nilijifungia ndani nikapiga kelele za mtu anayejifukiza, huku nimekaa mbali na sufuria napitia picha za sweta kwa simu. Nikitoka najipaka maji usoni yawe jasho. Asubuhi thamosi, jioni thamosi. Dhania ilikunywa dozi yote, tena ikiwa moto kama ilivyoagizwa. Siku ya tatu ikawa ya manjano. Siku ya nne ikalala chini yote.

Nacheka nikiandika haya, lakini zile siku hazikuwa za kucheka. Kila nikienda choo nilikuwa naangalia nikiwa nimefumba jicho moja. Homa ilipopanda siku ya pili nilimeza dawa nikajifunika kitambaa chenye maji, nikaongea na mtoto. Nilimwambia, sisi wawili hatujuani bado, lakini nishike tu vizuri na mimi nitakushika. Halafu nikajikemea kwa kumwita mtoto. Halafu nikamwita tena.

Siku ya tano nilifungua thamosi nikakuta uji wa wimbi. Nilisimama nao pale dirishani, nusura niumwage kwa mazoea. Nikanywa. Haukuwa na ladha yoyote, kwa sababu ya ugonjwa, lakini ulikuwa na maziwa, nilihisi kwa ulimi. Tangu siku hiyo ikawa uji tu. Blanketi na sufuria pia havikuletwa tena. Nilidhani majani yamemwishia, au amechoka kupanda miti. Nilimshukuru Mungu kwa kuokoa dhania iliyobaki, ambayo ilikuwa mashina matatu.

Nilipona. Harufu ilirudi kidogokidogo, na ya kwanza kurudi ilikuwa kabichi ya Mami. Nilitapika nyuma ya nyumba nikiwa na furaha isiyoelezeka.

Juzi, Alhamisi, nilirudi kliniki. Mwangi alikuja kutoka Nanyuki na gari la kwanza. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka nikamkumbusha kwamba mimi huufanyia kazi. Nililala pale nikitazama ukuta, si skrini. Mara ile ya kwanza nilitazama skrini na mtu akanyamaza, kwa hivyo safari hii nilichagua ukuta. Sista akapitisha kile kifaa huku na huku. Akanyamaza.

Halafu akasema, “Mama, geuka uone.”

Kitu kidogo kama punje ya haragwe, na katikati yake kitu kinachowaka na kuzima, kuwaka na kuzima, kwa haraka ya mtu aliyechelewa sokoni. Sista akasema moyo unapiga vizuri. Akarudia kwamba safari bado ni ndefu, nirudi kliniki kila nikiitwa. Mwangi alilia. Mimi niliuliza kama naweza kula chapati.

Tukarudi nyumbani mchana, tumekubaliana tusiseme kitu. Tukamkuta Mami chini ya dirisha langu la jikoni, ameinama, jembe mkononi. Alikuwa ameng'oa dhania yote. Udongo ulikuwa umelimwa laini, na alikuwa anadondosha mbegu nyeusi zenye mstari mweupe.

Njahi.

Kama hujui njahi, ni hivi: kila mtu anaweza kuzila, lakini kwetu mama aliyejifungua ndiye mwenyewe. Ndizo anazopikiwa ili apate nguvu na maziwa. Hata mvua hii ya sasa, wazee wanaiita mvua ya njahi, kwa kuwa ndio msimu wa kuzipanda.

“Mami, mbona njahi?” nikauliza.

Hakuinua uso. “Dhania imekataa hapa. Sijui ilikunywa nini.”

Mwangi akageuka akatazama mlima, ambao haukuwepo.

Mami akafukia mbegu, akasogea hatua, akatoboa shimo lingine. “Hizi zitakuwa zimekauka vizuri kufika mwezi wa kumi,” akasema. “Halafu zikae tayari.”

Nikahesabu kimoyomoyo. Mimi natarajia mwezi wa kumi na moja.

Nilitaka kusema kitu, chochote, nimwombe msamaha kwa thamosi saba za dawa. Ndipo aliponitazama, na macho yake hayakuwa na utani hata kidogo.

“Mara ile mimi nilisema mapema,” akaniambia. “Nikajiambia labda ni mdomo wangu. Safari hii sijasema. Hata kanisani sijasema.”

Miaka miwili. Miaka miwili mimi nikinyamaza asije akaumia, na yeye amebeba hilo. Nikapiga magoti pale kwenye matope na nguo yangu ya kliniki, nikamwambia si mdomo wake, sista wa mara ile aliniambia kwamba hakuna aliyekosea. Nikatoa picha mfukoni nikampa. Akajipangusa mikono kwa leso, akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama muda mrefu, kichwa chini.

“Ni mimi huyu?” akauliza.

“Hatujui bado, Mami. Anaweza kuwa mvulana.”

“Hata akiwa mvulana atakula,” akasema, akanirudishia picha, akaendelea kupanda.

Sasa mvua imepungua na kutoka hapa nilipokaa naona mstari wa udongo mweusi chini ya dirisha. Hakuna kilichoota, ni siku mbili tu. Sijui kama zitaota zote, na hakuna aliyeniapia lolote. Lakini mtu wa miaka sabini ameinama kwenye mvua akapanda chakula changu cha mwezi wa kumi na moja, na mimi bado ninaogopa kugusa uzi.

Uzi wa manjano uko juu ya kabati, nimeuficha nyuma ya masufuria. Kesho tukitoka kanisani, tukiwa tumefunga midomo yetu sote watatu, nitauteremsha nifume soksi moja. Moja tu. Ya pili nitaanza njahi zikichomoza.